Dawa ya Chuma

Colón, 9 Agosti

Dada yangu mpenzi Ofelina,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na kwamba huko Bocas mvua imewaachia angalau siku moja ya kuanika nguo. Mimi ni mzima. Mwanao Abdiel anakula wali wa mbaazi kama zamani, ila lile jicho la kushoto, madaktari wamesema halitaona tena.

Pambano ulilisikia redioni. Abdiel alimtandika yule kijana wa mji wa David mpaka raundi ya tatu, alipochanika yeye mwenyewe kwenye nyusi. Kidonda chenyewe kidogo, punje ya mchele. Watu wa David wakaanza kumzomea kwamba anachuruzika kama kuku wa Krismasi, aende kwa mamaake akafungwe kitambaa. Mtu wa kuzuia damu ni mimi, na mapumziko ni dakika moja tu.

Mfukoni nilikuwa na adrenalini, inayoruhusiwa. Inabana mishipa, lakini lazima ukandamize pamba kwa utulivu karibu dakika yote. Nilikuwa pia na dawa ya chuma, ile nyeusi iliyopigwa marufuku. Hiyo inagandisha damu papo hapo. Ikiingia jichoni inaunguza. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza.

Bwana Eliécer, mwenye kambi ya mabondia kule Panama mjini, alikaa safu ya mbele akitafuta mtu wa kazi yangu. Alikuwa anatazama mikono yangu, si mwanao. Nikapaka ile nyeusi. Damu ilikata mara moja, watu wakapiga makofi. Abdiel akaniambia mjomba, inachoma, imeingia ndani. Nikamwambia aache kudeka, hata vitunguu vinachoma. Sikumhurumia, niseme kweli. Nilikuwa na furaha. Alimaliza pambano jicho limefumba, akashinda.

Tulipoulizwa kuhusu jicho, nilisema ni gumba la glavu ya mpinzani. Yule kijana amefungiwa ndondi maisha. Abdiel naye anaamini hivyo, na kila asubuhi nikimsafisha jicho ananishukuru.

Kesho nahamia kwa Bwana Eliécer. Kazi nimeipata.

Nimeambiwa unamwashia yule kijana mishumaa myeusi yenye jina lake, ya kumlaani. Usiizime, dada. Badilisha jina tu.

Nisalimie shemeji na majirani wote.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Belisario