Dada, Ni Mimi Niliyelibana Blanketi

Dada yangu Zuhura,

Usiucheke mwandiko wangu. Shule niliikimbia mapema, lakini kwa maneno Mji wa Kale mzima hakuna wa kunipata, na wewe wajua.

Wakumbuka asubuhi zetu pale ukumbini, kabla jua halijaingia dirishani? Feni yakupuliza, wewe umekaa kitini, mikono juu, pumzi yaingia taratibu kama ulivyofunzwa na mwalimu wako wa yoga. Mimi nyuma yako, kazi yangu kukushika kiuno ukisimama. Siku ya kwanza Mama alichungulia mlangoni.

"Zuhura, hii si ibada ya Mabaniani?"

"Mama, navuta pumzi tu. Hata pumzi ina dini?"

Nami kwa kujitia ubingwa nikasimama mguu mmoja, nikaiangukia meza ya chai. "Ati mgonjwa hapa ni nani, Sudi?" ukaniuliza. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwalimu hakukudanganya. Alisema yoga haiiponyi MS, huu ugonjwa wako wa mishipa ya fahamu, ila mwili haukakamai sana na hatua hutulia. Na kweli, ulishuka zile ngazi zetu mwenyewe, tukaenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo, nikamtangazia kila muuzaji kwamba kocha ni mimi.

Kisha Bibi akaja na mafusho yake. Joto, alisema, hulegeza mishipa. Mwalimu alikuwa amesema mbele yangu kwamba joto ni adui wa ugonjwa huu. Nilijua, Dada. Hata hivyo makaa niliyawasha mimi, nikijisifu hakuna ajuaye kupuliza kama mimi. Ukafunikwa blanketi juu ya chungu.

Watu wote hudhani hukusema kitu. Ulisema. "Sudi, nitoe, macho hayaoni." Nikalibana blanketi, nikacheka: "Vumilia bi mkubwa, bado hujaiva!"

Ulipotoka, miguu haikukutii. Tulikupepea, tukakumwagia maji, jioni miguu ikapata nguvu. Wiki mbili baadaye ikagoma tena, safari hii nguvu hazikurudi, ukapelekwa Nairobi. Daktari amemwambia Mama kwamba hili ni shambulio jingine, mafusho hayakulileta. Mama moyo umemtulia. Wangu bado.

Naogopa. Simu ikilia namwachia Mama aipokee. Jana amesema unarudi Jumamosi, na umeagiza: "Sudi aandae mkeka, yeye ndiye atakayenishika." Tangu hapo mkeka naukunja na kuukunjua. Labda hukunisikia nikicheka. Labda ulinisikia, ukanyamaza. Sijui lipi lanitisha zaidi. Na je, ukisimama ukaniegemea, nami nikakuangusha? Hapo sina mzaha wa kukuokoa nao.

Nimeandika ujue yote kabla hujanipa uzito wako. Mjomba anayekuja kukuchukua ndiye atakayekupa barua hii. Mama nimemwambia leo baada ya kula. Hakunigombeza, aliiacha sahani, akaenda chumbani, na mpaka sasa hajatoka.

Ukifika ukaona hunitaki nyuma yako, mwambie Mama akushike. Mimi nitakaa mlangoni, na sitanuna. Lakini mazoezi, Dada, usiyaache kwa sababu yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikungojaye kwa hofu,
Sudi