Sanda Uliyoniletea

Rumonge, mwezi 12 Mfungo Tatu, mwaka 1331

Kwa mdogo wangu mpenzi Mwamini binti Uledi, huko Ujiji.

Baada ya salamu nyingi, na mkono wa Idd iliyotupita juzi, napenda kujua hali yako, ya watoto na ya wajukuu, na ule mguu wako uliovimba masika yaliyopita kama umepoa. Ukitaka kujua yangu, mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu saba bado yako kazini. Mwanangu Zena anakusalimu sana. Mumewe Abasi naye anakusalimu, ingawa mimi na yeye hatusemezani, na sababu yake utaiona humu humu.

Mzigo wako umefika, Mwamini. Nahodha aliuleta mwenyewe mpaka barazani kwangu, Ijumaa baada ya sala, watu wamejaa, na mimi kwa ujinga wangu nikaufungua mbele yao wote. Nikaona bafta nyeupe, nzuri, imekunjwa vizuri. Nikajua dada yangu amenikumbuka kwa Idd. Nikaitandaza begani, nikajipima mbele ya watu, nikamwambia Abasi aende kumwita fundi upesi anishonee kanzu ya kuswalia Idd, na nikasema kwa sauti kubwa kwamba huko Ujiji nina dada, si kama ndugu za wengine. Mwalimu Shafii, anayetuswalisha, alikuwa amekaa karibu yangu. Akanusa, akainamisha kichwa. Na mimi hapo ndipo harufu ya kafuri iliponipanda puani.

Nilikuwa nimejivika sanda yangu mbele ya mji mzima.

Barua yako niliisoma baadaye, peke yangu. Unasema kitambaa kililetwa na Haji aliyerudi kutoka Makka, kimechovywa maji ya Zamzam, na kwamba mtu wa umri wangu hukaa na sanda yake sandukuni, akatulia kwenye mkeka na tasbihi yake, haendi mbio juani amepanda chuma kiitwacho baiskeli, kanzu ameifunga kiunoni, miguu nje kama mvuvi. Unasema watu wa Ujiji wanakuuliza kama kaka yako ana akili timamu. Waambie ninazo. Waambie pia kwamba wao, walio wadogo kuliko mimi, hawawezi kutoka sokoni mpaka bandarini bila kupumzika mara mbili.

Najua desturi, usinifundishe. Mama yetu alikaa na sanda yake miaka kumi na mbili, kila mwaka anaianika. Lakini alijinunulia mwenyewe, siku aliyotaka mwenyewe. Hakuna aliyemletea kwa mashua na kumwambia haya, mama, wakati wako huu.

Na ninajua nani aliyekuandikia. Zena hawezi kuandika, aliyemwandikia ni mumewe. Tangu Mfungo Mosi hao wawili wananifanyia vita. Kwanza pampu ya baiskeli ikapotea. Nikaitafuta siku nne nikaikuta ndani ya kikapu cha unga wa muhogo. Nikamuuliza Zena pampu imekwendaje kwenye unga, akasema labda panya. Kisha cheni ikatoweka. Abasi akaniapia kwamba imekatika na hakuna fundi wa kuiunga hata Usumbura, nami nikaikuta chini ya kitanda chake, nzima, imefungwa kitambaa. Mwanamume mwenye ndevu analalia cheni ya mkwewe! Nilimtukana siku hiyo mpaka majirani wakaja kunishika. Alichonijibu ni kuniletea kiti cha kuegemea, akakiweka barazani, akasema, Muzee, wewe ukae hapa, sisi iko watoto wako, tutakufanyia yote. Nimekitoa kile kiti, sasa wanakikalia kuku.

Ninyi mnadhani napanda baiskeli kwa utoto. Hata siku moja hamkuniuliza ninakwenda wapi. Tangu nilipoipata kwa yule karani Mhindi aliyekuwa anarudi kwao, mwaka wa saba huu, sijaipanda kwa kujionyesha. Kule Nyanza iko kambi ya wagonjwa wa malale. Watu wamechukuliwa huku pwani kwa amri ya Wadachi, waume, wake, wazee, na ndugu zao wanaogopa kwenda kuwaona, wanasema ugonjwa utawarukia. Basi kila baada ya wiki mbili nakwenda mimi. Napeleka samaki ndagala wakavu, chupa ya mawese, na maneno: fulani amezaa, fulani anakusalimu, nyumba yako imeezekwa. Narudi na maneno yao. Mitoni naibeba baiskeli begani, au namwomba mwenye mtumbwi. Msitu wa Kigwena naupita asubuhi chini ya miti, kwenye baridi. Nikipiga kengele mlangoni pa kambi, hata wasioweza kusimama hunyanyua kichwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo Zena ameificha kwenye unga.

Sasa nikuambie sanda yako iko wapi, maana najua utauliza. Iko ndani ya gurudumu la mbele.

Usianze kupiga kelele kabla hujamaliza kusoma. Mpira wa ndani umechanika, na mpira mwingine haupatikani pwani hii yote. Wengine hujaza majani makavu, lakini majani yanasagika hayafiki hata Kigwena. Nguo iliyosokotwa ngumu ndiyo inayodumu. Niliikata vipande virefu, nikaisokota, nikaishindilia ndani, na siku mbili kabla ya Idd nikapanda baiskeli mpaka Mutambara na kurudi, haikulegea. Mwalimu Shafii nilimwambia mwenyewe, sikumficha. Akasema kitabuni hakumbuki mahali palipokatazwa, lakini adabu ni adabu, na maji ya Zamzam si ya kukanyagia mavi ya ng'ombe njiani. Nimemkubalia. Nimeomba toba kwa Mungu. Kwako sijaomba bado, kwa sababu bado nimekasirika.

Lakini hasira yangu, Mwamini, nimeipekua siku hizi tatu na nimeiona chini yake kuna nini. Nitakuambia wewe kwanza, Zena hajui, Abasi hajui, na ukiwaandikia kabla yangu sitakusamehe.

Nilikuandikia pale juu kwamba ni mzima, nalala. Nimesema uongo. Usiku silali, nageuka mpaka alfajiri. Mchana ndio usingizi unanikamata, hata nikiwa juu ya baiskeli. Safari mbili zilizopita nimezinduka nikiwa kwenye majani, gurudumu linazunguka. Safari ya mwisho nilikuwa nimeinama pale kambini nafunga cheni, na bibi mmoja mgonjwa, jina lake Riziki, ambaye mimi humpelekea habari za wanawe, alikuwa amekaa nyuma yangu akinicheka. Akaacha kucheka. Akaniambia, baba, usigeuke. Akaniuliza hii mitoki ya shingoni nimekuwa nayo tangu lini. Nikamwambia mitoki gani? Akasema, hii, sisi sote humu tuliletwa kwa hii.

Nilikwenda kwa daktari Mdachi kwa miguu yangu, hakunikamata mtu. Akanichoma sindano shingoni, akatazama majimaji yake kwenye chombo chake cha kioo, akatikisa kichwa. Mkalimani akanieleza kwamba sitarudi Rumonge, nikasema nitarudi kuaga, na kwamba mtu wa mbio kama mimi hana sababu ya kudanganya. Daktari akanipa mpaka mwezi huu uishe, baada ya hapo atatuma askari. Wanachoma sindano za dawa. Wengine wanapona. Wengine wanapofuka kwa dawa yenyewe, na walio wengi nimewasindikiza kwa dua.

Nilifika nyumbani na habari hiyo kifuani siku ya Alhamisi. Ijumaa nikapokea sanda yako. Umeelewa sasa? Sikukasirika kwa kuwa umekosea. Nilikasirika kwa kuwa umepatia, na hukujua, na nilikuwa nimeisifu mbele ya watu.

Na nakuonya, msije mkasema baiskeli ndiyo iliyoniua mimi Asmani, kwa sababu ya kupita Kigwena penye mainzi ya malale. Mainzi yale yanawauma wanaochota maji, yanawauma wavuvi, yanawauma waliokaa barazani kwenye viti vya kuegemea. Kambi imejaa watu ambao hawajawahi kugusa baiskeli. Mimi angalau nimepata miaka saba ya upepo usoni katika umri ambao wenzangu wanahesabu viungo vinavyouma. Atakayesema neno hilo matangani, mtoe nje.

Naogopa, dada yangu. Sioni haya kukuandikia. Kufa nakuogopa kidogo, maana ndiko tuendako sote. Ninachokiogopa zaidi ni ule usingizi wa mwisho, nimeuona, mtu analishwa uji na hajui ni nani anayemlisha. Nikifika huko msinionee haya.

Kesho kutwa baada ya alfajiri nitamwambia Zena, tutalia tutakapolia, kisha nitaondoka. Abasi hunitolea watu wa kunibeba kwa machela kila ninapokwenda mbali. Siku hiyo atanitolea tena, na nitakataa kama kawaida. Nitafika kambini nikiwa nimekaa juu ya kiti changu mwenyewe, mizigo ya watu nyuma, na nitapiga kengele mlangoni kama siku zote, ili wasijue mara moja kwamba safari hii nimekuja kukaa.

Nisalimie mashemeji wote, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na Kulthumu jirani yako ukimwona. Dua zako nazihitaji, usizikate kwa ajili ya maneno yangu makali. Kuhusu nguo, ukitaka kunigombeza, una haki. Lakini usinigombeze kwa barua, barua zinachelewa. Mashua za Ujiji zinatia nanga Nyanza. Njoo unigombeze ana kwa ana, ningali nakujua kuwa wewe ni Mwamini.

Uje upesi.

Ni mimi kaka yako,
Asmani bin Uledi