Pampu ya Kigango na Kisima cha Bi Mwanamisi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Najua huko kwetu Kitui salamu hii hamna mazoea nayo, lakini nimekaa Pwani hadi mdomo unaitoa wenyewe. Mguu wako unaendeleaje? Bado unaukanda kwa majani, au umekubali kwenda kuonwa na daktari? Na mvua imewafikia, au imepita mbali tena? Sisi huku hatujambo, Mungu ashukuriwe. Kioko ni mzima, watoto ni wazima, na mimi nimenenepa kwa muhogo wa nazi.

Naandika Kiswahili ili wifi yangu Nafula akusomee bila kukwama. Ningepiga simu, lakini kila nikianza habari ndefu wewe hunikatiza, "Mwanangu, salio lako litaisha." Hii ni ndefu, basi kaa vizuri.

Unakumbuka nilikusimulia juu ya kisima kirefu kilichochimbwa kwenye kigango chetu cha kanisa, hapa karibu na Bodo. Tulichanga, wafadhili wakaongeza, tukapata pampu inayoendeshwa kwa jua. Kioko ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Mtambo wenyewe unawashwa kwa simu, Mama! Mkwe wako hujilaza mkekani, akabonyeza, na maji yakapanda tangini kule kanisani. Kila mgeni aliyefika nyumbani alionyeshwa simu hiyo kama anayeonyeshwa picha ya kifungua mimba. Sisi wanawake wa jumuiya tulipata bustani ya mchicha, sukumawiki na pilipili hoho, na gari la hoteli moja ya Diani likawa linakuja kubeba. Ndipo nilipokuahidi paa jipya la jikoni.

Kwaresima ilipofika, jumuiya yetu ikawa inajifunza mafundisho ya Kanisa juu ya kutunza mazingira. Padre alitueleza kwamba dunia ni nyumba ya watu wote, na kwamba mashine ni kitu chema, ila tuulize kila mara inamnufaisha nani na inamwacha nani. Tukaitikia. Tukapanda miarobaini kulizunguka kanisa, tukaokota mifuko ya plastiki, tukapiga picha. Mimi niliona tumelimaliza somo.

Siku zile zile nikampelekea Bi Mwanamisi fungu la mchicha. Huyu ni jirani yetu, mjane wa Kidigo, Mwislamu, na nyumba yake iko chini ya kanisa, upande wa mikoko. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua Ndanu na wewe ukiwa mbali. Alinikalisha barazani, akanimiminia chai ya rangi. Nilipopiga funda la kwanza, nusura niliteme.

"Bi Mwanamisi, leo umekosea kopo? Hii ni chumvi!"

"Sikukosea, mwanangu. Maji ndiyo hayo."

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo. Sote tunaochota kisima cha msikitini ndiyo tunayokunywa. Kilianza kugeuka mlipowasha mtambo wenu. Tukasema vuli itakisafisha, vuli ikaja ikapita."

"Na mbona hukuniambia?"

Alijifunga leso yake upya, taratibu, kama anayetafuta pa kuanzia. "Ningekwambiaje, Mwende? Kila ukija unakuja na mboga, na uso umekunjuka. Nikuambie hiyo bustani ndiyo inayoniharibia maji? Nikaona ninyamaze, Mwenyezi Mungu atafungua njia."

Mama, chai ile niliimaliza yote. Sikuona namna nyingine ya kumwomba radhi.

Jioni nikamweleza Kioko. Akacheka. "Bahari iko pale, Mwende. Kisima kilicho jirani na mikoko kitakosaje chumvi?"

"Mbona kilikosa miaka yote hiyo?"

"Maji yetu ni matamu. Tazama." Akanipa simu. Tangi limejaa, betri nzima, kila alama ya kijani. Nikamwambia kwamba humo ndani sikukiona kisima cha Bi Mwanamisi. Akaninyang'anya simu, akatoka nje.

Jumapili, baada ya Misa, kukawa na kikao cha maji mle mle kanisani, na Kioko mbele mezani. Nikasimama. Unajua sikuwahi kumpinga mume wangu mbele za watu. Nikasema niliyoyaonja. Mwalimu wa kwaya akaruka, "Tumechanga, tumechimba! Wenzetu nao wachimbe chao!" Wengine wakampigia makofi, na baadhi yao ni wanawake niliopalilia nao bustani.

Nikawaambia, "Kwaresima nzima tumesema dunia ni nyumba ya wote. Basi nionyesheni Bi Mwanamisi amepewa chumba gani."

Makofi yakakoma. Padre alikuwa anakunja mavazi yake ya Misa. Akayaweka chini, akaketi kwenye benchi pamoja nasi. "Swali hilo mimi sitawajibia," akasema. "Nendeni kwanza mkanywe maji yake. Kura juu ya pampu mtapiga mkirudi."

Watu wakatawanyika, na sijui kama alikwenda hata mmoja. Kioko hakusema nami njia nzima, wala siku zilizofuata. Alikula, akanawa, akaenda zake. Nilianza kujuta, Mama, nisikufiche. Niliwaza kwamba nimeaibisha nyumba yangu kwa ajili ya nyumba ya jirani.

Halafu asubuhi moja, nikiwa natilia mboga maji, nikamwona anateremka kuelekea msikitini. Bi Mwanamisi alikuwa kisimani. Wakaamkiana, akamtekea maji kwenye kata. Kioko akanywa. Akaomba tena, akanywa. Kisha akainama kuchungulia kisimani, kata iko mkononi, hadi mama wa watu akamwuliza kama anaumwa.

Alipopanda juu alinifuata bustanini. "Hayanyweki, Mwende."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Sikutaka kusikia." Akatoa simu mfukoni, akaizima pampu mbele yangu.

Akamleta fundi wa maji kutoka Msambweni. Huyo alitueleza kwamba huku Pwani maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Ukiyavuta kwa pupa, ya chini yanapanda, na visima vya karibu na bahari ndivyo vinavyoumia kwanza. Kikao cha pili hakikuwa na kelele. Tumekubaliana pampu ifanye kazi kidogo asubuhi, kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Bomba limetolewa nje ya ua wa kanisa hadi barabarani, na achotaye haulizwi anasali wapi. Mwalimu wa kwaya bado hanisalimu vizuri, lakini mkewe anachota pale pamoja na wote.

Bustani tumeipunguza nusu na zaidi. Gari la hoteli haliji tena, kwa hiyo, Mama yangu, paa la jikoni itabidi lisubiri. Najua moshi unakuumiza macho, na jambo hilo linaniuma. Kisima cha msikitini hakijapona. Baada ya masika maji yake yanafaa kufulia na kupikia muhogo, lakini utamu wa zamani bado. Fundi anasema huenda ikachukua muda mrefu. Tunangoja.

Ile sehemu ya bustani iliyoachwa wazi tunataka kuipanda vitu vinavyojua ukame, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Nitumie pojo na zile kunde zako nyekundu kwa basi la Mombasa, Kioko atakwenda kuzipokea. Wanawake wa huku wananiuliza hupandwa kwa nafasi gani. Mwambie Nafula aniandikie vile unavyofanya wewe.

Nisalimie kaka yangu Mutinda, shangazi Kalekye, na Nafula mwenyewe anayekusomea, asiruke mahali. Wajukuu zako wanakubusu mikono.

Jana nilimwambia Bi Mwanamisi kwamba nakuandikia, na kwamba mguu unakusumbua. Akaniuliza jina lako kamili, na la mama yako, ili akutaje katika dua zake. Nimempa yote mawili. Basi ukiamka siku moja ukauona mguu umekuwa mwepesi, ujue huku pwani kuna mtu anakuombea kila alfajiri.

Mwanao akupendaye,
Mwende