Watoto Kumi na Mmoja Waliolia Sana

Msamvu, 4 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Habari za huko juu? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la mjini linanikaanga.

Nimepata kazi ya kuandikisha watoto wenye mtindio wa ubongo kwenye rejista. Watafiti wanataka kujua wako wangapi na chanzo ni nini. Zahanati ambako uzazi una shida zitaletewa kifaa cha kumpa pumzi mtoto mchanga asiyelia, na mtu wa kuwafundisha wakunga.

Nimempa dereva wa gari la kabichi fomu kumi na moja, ya Witness, mtoto wa dada, ikiwa juu. Wasaidie akina mama kujaza. Wewe ndiye uliyewazalisha wote. Majina hayatangazwi.

Mjukuu wako,
Paskalia

Mlimani, 19 Machi 2024

Marahaba, mke mwenzangu,

Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Babu yako anauliza utarudi lini kumpikia, mimi amenichoka.

Fomu nimejaza zote. Maswali arobaini! Padri kwenye kitubio haulizi hata matano. Witness sasa ana miaka sita, anakaa akiegemezwa. Nikijikwaa anacheka, kwa hiyo akili anayo.

Bibi yako,
Magdalena

Msamvu, 2 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini nyote hamjambo.

Fomu zimefika. Swali la kumi na tatu: "Mtoto alilia mara tu alipozaliwa?" Wote kumi na mmoja: "Alilia sana." Mwandiko mmoja. Dokta wa utafiti akasema, "Basi huko juu uzazi hauna tatizo, kifaa kiende kwingine." Orodha inafungwa mwisho wa Juni.

Bibi, hakuna anayetafuta mtu wa kumfunga. Lakini siku aliyozaliwa Witness nilikuwepo. Nilikushikia beseni. Dokta sijamwambia kitu. Dereva nimempa fomu nyingine kumi na moja, tupu.

Mjukuu wako,
Paskalia

Mlimani, 21 Juni 2024

Marahaba Paskalia,

Sisi wazima. Nimechelewa, na sisingizii njia: gari la kabichi limeshuka mara kumi na moja, nikiliangalia.

Lile swali mimi nililisoma hivi: "Magdalena, ulifanya nini?" Ndiyo maana.

Nimezunguka nyumba zote. Kila mama nimemwambia, "Nilidanganya kwenye fomu yako." Mmoja kanifungia mlango. Mama Leonard kasema, "Bibi, sisi tulijua siku zote. Tulikuwa tunakungoja wewe." Dada yako alinipa Witness nimshike, akaendelea kupalilia.

Saba hawakulia. Witness alikaa kimya muda wa Salamu Maria tano. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Andika hivyo hivyo. Dokta azigeuze dakika mwenyewe, amesoma.

Fomu mpya zimo katikati ya kabichi. Mwandiko ni wa mama zao, hata yule wa mlango. Mwalimu wa hicho kifaa akija, aniwekee kiti cha mbele. Sisikii vizuri, na safari hii nataka kusikia.

Bibi yako,
Magdalena