Barua za Dewi Darini

Emrys, mbao za dari ya dada yangu Eluned zimeoza, na aliyeziozesha ni mimi.

Si paa linalovuja. Mwezi mzima nimekaa baa nikimwita fundi paa Gethin mwizi, eti kala pesa za paa na bado linavuja. Leo kapanda, kashuka na swali moja: "Nani kajaza sufu ya kuzuia baridi mpaka kwenye matundu ya hewa ya ukingoni mwa paa?"

Nikasema mimi, upepo ulikuwa unaingia.

"Ulitakiwa uingie, bwana wewe! Mvuke wa bafuni unapanda, haupati pa kutokea, unagusa mbao baridi, unakuwa maji. Umemletea dada yako mvua ndani ya nyumba!"

Eluned hakucheka wala hakunifokea. Bora angefoka. Alisema tu, "Kaka, ulisema niweke vitu vya Dewi huko juu. Ulisema ni pakavu."

Nilisema ni pakavu, Emrys. Nilisema hivyo wiki aliyomzika Dewi, mumewe.

Gethin akanisaidia kushusha masanduku. Mimi niliyemtukana!

Tumezitandaza mezani barua ambazo Dewi alimwandikia Eluned akiwa baharini. Zilikuwa themanini na moja. Zinazosomeka ni nne.