Ufa wa Nyuma ya Kwaya

Jumatatu, 3 Machi
Mchungaji kaniita kanisani nikaangalie "kaufa". Kaufa! Kidole changu kinaingia mpaka kiungo cha kwanza. Ukuta wa nyuma, pale kwaya inaposimama. Mchungaji ni mdogo wa mke wangu, kwa hiyo nikajizuia kumcheka. Nimebandika jasi juu ya ufa na kuandika tarehe kwa penseli. Jasi hainyumbuki: ukuta ukisogea kidogo tu, inakatika. Ndiyo kazi yake.
Mke wangu kauliza kuna nini huko. Nikasema rangi imechoka.

Jumanne, 4 Machi
Jasi ni nzima. Nimekula vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Imekatika. Katikati ya tarehe — tatu upande huu, Machi upande ule.
Najua kwa nini. Nimejua miaka kumi na moja. Wiki tuliyomzika binti yetu nilirudi kazini siku ya tatu, kujenga kanisa hili. Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro wa msingi upande ule umejaa tope. Tope huchotwa mpaka ufikie udongo mgumu, hata kibarua wa siku ya kwanza anajua. Wenzangu wakauliza: fundi, tuchote? Nikasema mwageni zege. Sikutaka kusimama ukingoni mwa shimo jingine. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mchungaji kanisa lifungwe. Akasema Jumapili kuna ubatizo, wageni wanatoka mbali, tuongee Jumatatu. Mungu anaishikilia nyumba yake, shemeji. Nikamjibu anashikilia, ila zege nilimwaga mimi. Hakuuliza nina maana gani.
Jasi ya pili imekatika kabla ya jioni. Mlango wa nyuma haufungiki tena.

Ijumaa, 7 Machi
Tatizo si mchungaji, ni mke wangu. Siku zote anasema Mungu hakukosea: alimchukua mtoto, akatuachia kanisa lililojengwa mwaka ule ule. Hilo ndilo lililomwinua kitandani. Nikisema, namnyang'anya. Nisiposema — yeye ndiye kiongozi wa kwaya, mgongo wake uko shibiri moja na ufa. Naogopa. Nimepiga magoti, nikabaki Bwana, Bwana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anapiga pasi joho la kwaya. Nilisema yote, mpaka tope. Pasi ikasimama begani pa joho, hadi pakaanza kunuka. Akaichomoa. Akauliza kitu kimoja tu: tope uliliona? Nikasema niliona.
Joho kalitundika mlangoni, na doa lake la kahawia.

Jumapili, 9 Machi
Naandika nje, ubavuni mwa kanisa, daftari gotini.
Kwaya ilisimama pale pale. Mke wangu hakuimba. Aligeuka, akaweka kiganja kwenye ufa kama anayempima mtoto homa. Kisha akawaambia watu, kwa sauti yake ya kawaida: aliyemchukua mwanangu ana lake, na bado namwamini. Ukuta huu siuamini. Tutoke.
Kwaya ikamfuata. Alinipita bila kunitazama.
Mchungaji akawaambia waliobaki wakae, huu ndio wakati wa imani. Zaidi ya nusu wametoka. Ndani kuna wale wa kubatizwa na wazazi wao. Nimeingia mara mbili kuwavuta. Wazee wa kanisa wamenishika mabega na kunitoa, wanasema huzuni imenirudia. Naandika huku nautazama mlango.
Kwaya inaimba juani, mke wangu naye. Chokaa inadondoka juu ya ukurasa huu, naipuliza, inadondoka tena.
Kioo cha dirisha la nyuma kimepasuka. Hakuna aliyekigusa.
Mke wangu ameacha kuimba. Ananitazama mimi. Naingia