Kusoma kwa Sauti Kuishie Hapa

Tabora, 14 Agosti 1992

Mwanangu Hanifa,

Salamu nyingi. Ukurasa huu msomee mama yako, kwa kuwa macho yake hayaoni tena.

Dada Ziada, shikamoo. Nimefika Kiomboi kama ulivyoniagiza. Mji umechangamka. Ofisi za wilaya zimepakwa rangi, na viwanja vya jirani vinagombewa. Sabuni, tuliyokuwa tukiipangia foleni kwenye duka la ushirika, sasa imejaa hadi barazani. Mdogo wetu Abdulmajidi amenenepa, anakusalimu. Nilimwombea mama dua, nikakumbuka ombi lako la kuzikwa ubavuni mwake.

Hanifa, kusoma kwa sauti kuishie hapa. Yanayofuata ni yako peke yako.

Mjomba wako Abdulmajidi ameuza kiwanja cha nyumbani, pamoja na kaburi la bibi yako. Aliyenunua amejenga baa. Dua niliiomba nikiwa nimesimama katikati ya kreti za bia, na mhudumu, binti mwenye adabu, akaniuliza, "Babu, nikuletee ya baridi?"

Nilipomuuliza mjomba wako, alicheka. "Kaka, siku hizi ruksa. Marehemu halipi kodi ya kiwanja."

Nimeishi ugenini miaka mingi nikiamini kwamba kwetu kupo.

Usimpeleke mama yako Kiomboi. Siku ikifika, mzikeni huko huko Tanga. Kabla ya hapo, akikuuliza, mwambie kaburi nimelipalilia, na nafasi yake ipo.

Mjomba wako,
Mselemu